Matunguu ya maua yanayochanua vuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mnaposema vuli, mna maana ya vuli ipi?

Si vuli ya mvua tuliyoizoea, ile ya Oktoba hadi Desemba. Hapa vuli ni Septemba hadi Novemba katika nchi za kaskazini, majani ya miti yanapogeuka rangi na kupukutika. Tarehe zote humu ni za Uingereza na sehemu za Ulaya zenye hali ya hewa kama hiyo. Ukiwa mahali ambapo baridi kali huwahi, kama Minnesota au Ontario, wahi kupanda. Na ua ambalo Uingereza huponea chupuchupu, kwako litakuwa la chungu na la kuingizwa ndani.

Neno tunguu tumelitumia kwa kila kitu cha chini ya ardhi ambamo ua huweka akiba ya chakula. Wataalamu huvitofautisha: zafarani (krokasi ya kiungo) na kolchikamu (ua kubwa la waridi lenye sumu) zina shina lililovimba lisilo na matabaka, nerine ina matabaka kama kitunguu maji, saiklameni ni kiazi bapa. Kwa mwenye jembe tofauti hizo huja na jambo moja kubwa, nalo ni kina cha kupanda.

Mwezi wa Oktoba maduka yamejaa matunguu. Ndiyo haya?

Siyo. Hilo ndilo kosa la kwanza la watu wengi. Yale ya Oktoba ni tulipu, dafodili na wenzao: hupandwa vuli, huchanua baada ya majira ya baridi. Yanayochanua vuli yenyewe hupandwa kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Agiza Juni au Julai, na usisome picha ya kwenye pakiti tu, soma mwezi wa kuchanua.

Ukikuta kolchikamu dukani Oktoba, huenda tayari imechanua ndani ya mfuko, gizani, bila tone la maji wala punje ya udongo. Haijafa. Inunue ikiwa bei imeshushwa, ipande siku hiyohiyo, na usiitegemee kwa maua mpaka vuli ya mwakani.

Kwa nini maua haya huchanua wakati mengine yanaelekea kulala?

Kwa sababu kalenda yao ni ya kwao. Krokasi za vuli, zafarani, saiklameni na sternbergia zina asili ya nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania na Asia ya Magharibi, ambako kiangazi, yaani majira ya joto, ni kikavu na mvua huanza vuli. Kiangazi ndio usiku wao. Mvua ya kwanza ikigusa ardhi iliyopoa kidogo, wanaamka, wanachanua, kisha majani yanafanya kazi majira yote ya baridi na kukauka Mei au Juni.

Karibu kila hitilafu utakayoisoma hapa chini inatokana na mtu kuusumbua usingizi huo: kumwagilia maji Julai, kufukua kitanda kinachoonekana kitupu, au kudhani mmea usio na majani umekufa.

Nerine ya bustani, Nerine bowdenii, haimo katika mkumbo huo. Kwao ni Eastern Cape na milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, ambako mvua ni za kiangazi. Majani yake hutoka majira ya kuchipua, hufanya kazi kiangazi, hufifia ua linapokuja, na usingizi wake ni wa baridi. Ukiikausha kavu Juni na Julai kama zafarani, unaitia njaa.

Nianze na lipi?

Kwa asiye na uzoefu, Crocus speciosus. Ni krokasi ya zambarau yenye mishipa ya buluu, bei yake ni ndogo, haichagui sana udongo na huongezeka yenyewe. Panda 25 au 50 kwa pamoja. Ukipanda tano utazitafuta kwa tochi.

Kama una kivuli cha mti ambapo hakuna kinachoota, weka saiklameni ya Cyclamen hederifolium. Kama una ukuta unaotazama kusini, weka nerine. Anayetaka ua kubwa bila kazi achague kolchikamu, isipokuwa nyumba ina mtoto mdogo au mbwa mtafunaji. Sternbergia, ya njano kama kiini cha yai, hupenda jua kali na udongo wa chokaa. Zafarani si ngumu kuotesha, ni ngumu kuchanua mwaka baada ya mwaka, na tutaizungumza kwa kirefu.

Napandaje?

Kwa krokasi, zafarani, kolchikamu na sternbergia:

1. Chagua mahali penye jua angalau saa sita kwa siku na ambapo maji hayatuami. Chimba shimo, mimina ndoo ya maji: yakiwa bado yapo baada ya saa moja, hapo hapafai mpaka utengeneze.
2. Lainisha udongo hadi sm 25 chini. Usiweke samadi mbichi, huozesha tunguu.
3. Panda kwa kina hiki, ukipima kutoka kichwa cha tunguu hadi usawa wa ardhi: krokasi za kawaida sm 8, kolchikamu sm 10, zafarani na sternbergia sm 10 hadi 15.
4. Acha nafasi: krokasi na zafarani sm 8 hadi 10, kolchikamu sm 15 hadi 20, maana majani yake ya baadaye ni mapana na yatafunika jirani.
5. Ncha iangalie juu. Kolchikamu ina umbo la ajabu, upande mmoja umejitokeza kama kisigino cha kiatu. Kisigino kiende chini, na upande wenye gamba refu la kahawia uende juu.
6. Fukia, shindilia kwa kiganja, mwagilia mara moja tu, kisha weka kijiti cha alama. Kijiti si pambo. Bila hicho, Juni ijayo utachoma jembe katikati ya matunguu.

Nerine na amarili hazifukiwi. Shingo ya tunguu ibaki usawa wa ardhi au ichungulie kidogo. Ukizizamisha sm 15 kama dafodili, utapata majani tu kwa miaka. Ni katika sehemu zenye baridi kali tu ndipo nerine hushushwa sm chache zaidi na kufunikwa majani makavu majira ya baridi.

Saiklameni ina yake peke yake: udongo wa juu yake usizidi sm 3 hadi 5.

Udongo wangu ni mfinyanzi unaonata. Nifanyeje?

Ongeza kokoto ndogo zenye ncha, zile za milimita 4 hadi 6 zinazouzwa kwa bustani, ndoo moja kwa kila mita mraba, na uchanganye mpaka kina cha jembe. Mchanga laini wa kujengea haufai: ukiingia kwenye mfinyanzi, mchanganyiko hushikana zaidi. Ukishindwa kuchimba, inua kitanda sm 20 juu ya ardhi. Kumwaga kokoto chini ya shimo pekee hakusaidii. Umetengeneza karai la kukusanyia maji.

Sina bustani, nina roshani ya ghorofani.

Chungu kinatosha. Cha upana wa sm 25 na kina kama hicho hubeba zafarani 8 hadi 10, au nerine tatu hadi tano. Changanya sehemu mbili za mboji ya vyungu na sehemu moja ya kokoto. Hakikisha matundu ya chini yanapitisha maji, na inua chungu juu ya vipande vya tofali. Roshani iwe ya kusini au magharibi. Ya kaskazini iachie saiklameni.

Chungu hupata baridi kuliko ardhi kwa sababu pande zake zote ziko wazi. Barafu ikishika wiki nzima, kisogeze ukutani au kizungushie gunia.

Naweza kweli kulima zafarani ya biriani nyumbani?

Unaweza, ila piga hesabu kwanza. Gramu moja ya zafarani kavu hutaka maua kama 150. Kila ua lina nyuzi tatu nyekundu tu. Matunguu 50 mazuri yakitoa ua moja au mawili kila moja, utapata theluthi moja hadi theluthi mbili za gramu. Sufuria moja ya biriani ya familia hutumia nyuzi kama 30, yaani maua kumi. Basi matunguu 50 yatakulipa sufuria tano hadi kumi kwa mwaka. Si biashara, lakini si haba pia.

Jina la kuagiza ni Crocus sativus, si jingine lolote. Mmea huu ni tasa, hautoi mbegu. Kila tunguu lililopo duniani limetokana na kugawanywa kwa mkono wa mtu. Uingereza ililimwa Essex kwa wingi karne ya 16, na mji wa Saffron Walden umebaki na jina hilo. Leo sehemu kubwa ya zafarani ya dunia inatoka Iran.

Nunua matunguu makubwa, yenye mzunguko wa sm 9 au 10 na zaidi. Yale ya sm 7 ni rahisi, lakini mengi hayatachanua mwaka wa kwanza. Panda Agosti, tarajia maua kati ya mwanzo wa Oktoba na katikati ya Novemba. Maua ya shamba moja hutoka karibu yote ndani ya wiki mbili tatu, kwa hiyo usipange safari wakati huo.

Chuma asubuhi, umande ukishakauka, siku hiyohiyo ua lilipofunguka. Ua la zafarani likishafunguka halijifungi tena usiku kama krokasi nyingine. Mvua ikilikuta, nyuzi hulowa na kulala juu ya petali. Kata ua zima kwa kucha, lilete mezani, lifungue. Utaona vitu vya aina mbili katikati: vitatu vifupi vya njano vyenye unga, hivyo ni vya chavua na huvitaki, na uzi mmoja mwembamba, mweupe chini, unaogawanyika juu kuwa ndimi tatu nyekundu zilizotanuka nchani kama tarumbeta. Kata pale wekundu unapoanzia. Sehemu nyeupe haina harufu ya maana, huongeza uzito tu, na ndiyo mchezo wa wauzaji wajanja.

Tandaza nyuzi kwenye karatasi. Zikaushe ndani ya oveni ya nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi mlango ukiwa wazi kidogo, na anza kuangalia baada ya nusu saa. Au ziache chumba chenye joto na hewa, mbali na jua, siku kadhaa. Zimekauka zikivunjika badala ya kupinda. Uzito utakuwa umeshuka hadi kama sehemu moja ya tano. Weka kwenye kichupa cha kufunga, gizani, na uvumilie mwezi mmoja kabla ya kuzitumia, harufu hukomaa.

Ukitaka kulinganisha na ya dukani, tupia nyuzi mbili tatu kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Ya kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Iliyopakwa rangi huyachafua maji kwa wekundu mara moja na uzi kupauka.

Zafarani ilichanua mwaka wa kwanza, wa pili ikatoa majani tu. Imeharibika?

Haijaharibika, imegawanyika na kukonda. Tunguu la zafarani huishi msimu mmoja. Likishachanua hunyauka, na juu yake huota watoto wapya. Mtoto mwenye uzito wa kutosha, gramu 8 na kuendelea, atachanua. Watano wadogo wenye gramu mbili mbili hawatachanua. Ulichonunua kilinenepeshwa na mkulima. Watoto wake wamenenepeshwa na wewe.

Kinachowanenepesha ni majani kati ya Novemba na Mei. Kwa hiyo: jua wakati wote wa baridi, magugu yasiyafunike, na mbolea yenye potashi nyingi na nitrojeni kidogo, kama ile ya maji inayouzwa kwa ajili ya nyanya, kila baada ya wiki mbili kuanzia Februari hadi majani yaanze kugeuka njano.

Sababu ya pili ni kiangazi baridi au cha mvua. Ua hutengenezwa ndani ya tunguu lililolala, likiwa kwenye joto la nyuzi 23 hadi 27, kisha husubiri joto lishuke hadi karibu nyuzi 17 ndipo lichomoze. Kiangazi cha Scotland mara nyingi hakifiki huko. Dawa ni kulima kwenye vyungu: Juni, majani yakishakauka, vihamishie chini ya kioo au dirisha la jua, bila maji, hadi Agosti mwishoni. Hili ndilo tunalolipendekeza kwa yeyote aliye kaskazini ya Birmingham.

Natofautishaje krokasi na kolchikamu?

Hesabu vile vijiti vya chavua ndani ya ua. Vitatu ni krokasi au zafarani. Sita ni kolchikamu. Hakuna kipimo kingine unachohitaji, na ukijifunze kabla hujachuma chochote cha kula.

Nje ya ua: kolchikamu ni kubwa, ya waridi au zambarau iliyopauka, na husimama bila jani hata moja. Ndiyo maana Waingereza huliita kwa utani "mabibi walio uchi". Pia wana jina jingine kwa ua hilohilo lenye neno zafarani ndani yake. Jina hilo ni mtego.

Kolchikamu ni sumu kiasi gani?

Ya kuua. Kila sehemu, kuanzia tunguu hadi mbegu, ina kolchisini. Ni kemikali ileile inayotolewa hospitalini kwa vipimo vidogo sana kutibu gauti, na pengo kati ya dozi inayotibu na inayoua ni jembamba. Kupika hakuiondoi.

Hatari kubwa zaidi haiko vuli bali Machi hadi Mei, majani yanapotoka. Huko Ulaya watu huenda msituni wakati huo kuchuma majani ya kitunguu saumu pori kwa mchicha, supu au chachandu. Majani ya kolchikamu hufanana nayo, na watu wamekufa kwa kuyachanganya. Ya kitunguu saumu pori huota kila moja juu ya kikonyo chake chembamba na upande wa chini umefifia. Ya kolchikamu hayana kikonyo. Kadhaa hutoka pamoja kwenye shina moja nene, ni magumu na yanang'aa pande zote. Usitegemee pua: ukishachuma majani kumi ya kweli, mikono yako inanuka saumu na kila kitu utakachoshika kitanuka hivyo.

Dalili hazianzi papo hapo. Saa kadhaa hupita, kisha huja kutapika na kuhara kama chakula kilichoharibika, na mtu hudhani yamekwisha wakati viungo vya ndani ndivyo vinaanza kushindwa. Aliyekula asisubiri dalili. Piga simu ya dharura, Uingereza ni 999, na beba jani au tunguu lenyewe kwenda nalo.

Vaa glavu ukipanda, usiyahifadhi matunguu jikoni karibu na vitunguu, na usipande kolchikamu na zafarani bustani moja. Hata ukijua tofauti, mgeni wako hajui.

Saiklameni niliyoletewa Krismasi imekufa nje. Si mlisema inahimili baridi?

Ile ni Cyclamen persicum, ya chungu cha dirishani, yenye maua makubwa. Barafu huiua. Ya bustani ni Cyclamen hederifolium: maua madogo ya waridi au meupe, urefu wa sm 10 hivi, kuanzia Agosti hadi Oktoba, kisha majani yenye mabaka ya fedha yanayodumu mpaka majira ya kuchipua.

Tunguu la saiklameni lina juu na chini? Naliona kama chapati.

Linayo. Upande wa mviringo na laini ndio wa chini; ule ulio bapa au uliobonyea kidogo, wenye vinundu na mabaki ya vikonyo, ndio wa juu. Katika hederifolium mizizi hutoka zaidi upande wa juu na ubavuni, kinyume cha watu wanavyotarajia, kwa hiyo kuwepo kwa mizizi kusikudanganye. Ukishindwa kabisa kujua, lipande kwa ubavu.

Bora zaidi nunua iliyo kwenye kichungu, ina majani. Matunguu makavu ya kwenye mifuko mara nyingi yamekaushwa kupita kiasi na hayaamki.

Ua likishachavushwa, kikonyo hujikunja kama springi na kuvuta kibumba cha mbegu hadi ardhini. Usikikate. Mbegu zina utomvu mtamu unaowavuta sisimizi, nao ndio watakaokupandia mahali ambapo wewe usingefikiria, hata kwenye ufa wa ngazi. Miche huchukua miaka miwili hadi mitatu kuchanua. Tunguu lenyewe huzeeka vizuri, likafika ukubwa wa sahani.

Kuna anayefukua krokasi zangu usiku na mchana.

Mchana ni kindi, usiku ni panya. Wote hupenda krokasi na zafarani, na hunusa udongo uliochimbuliwa karibuni. Tandaza wavu wa waya wa kuku wenye matundu ya sm 2.5 juu ya matunguu, sm 3 chini ya uso wa udongo. Ua hupenya, kindi hapenyi. Pilipili ya unga hudumu mpaka mvua ya kwanza, na huko mvua haikawii. Kolchikamu na nerine kwa kawaida hawazigusi.

Konokono uchi hula ua la krokasi likiwa bado ncha. Toka na tochi usiku wa unyevu, waokote. Kwa saiklameni za vyungu adui ni kiwavi mweupe asiye na miguu, mwenye kichwa cha kahawia, anayekula tunguu kwa ndani. Mmea ukinyauka ghafla na udongo una unyevu, ng'oa uangalie. Ukimkuta, badilisha udongo wote.

Majani yamelegea na kugeuka njano, bustani inaonekana chafu. Niyakate?

Usikate, usifunge mafundo, usisuke. Kila wiki ya jani la kijani ni akiba ya ua lijalo. Subiri yang'oke kwa kuvutwa taratibu, kwa kawaida Juni. Majani ya kolchikamu hufika sm 25 hadi 30 na kuanguka vibaya sana, hatukatai. Panda mbele yake kitu cha kiangazi kitakachoyaficha.

Naweza kuyapanda kwenye nyasi?

Crocus speciosus na kolchikamu, ndiyo. Fyeka mara ya mwisho katikati ya Agosti, kabla ncha hazijatoka, kisha usifyeke mpaka maua yaishe. Mwaka unaofuata usiguse mpaka majani yakauke Juni. Asiyeweza kuvumilia nyasi ndefu Mei asipande. Zafarani haifai kwenye nyasi.

Nerine zangu zina majani mazuri lakini hazichanui.

Pengine umezifukia mno, umezilisha nitrojeni, au umezipa nafasi kubwa. Nerine hupenda kubanana. Fundo lililosongamana mpaka matunguu yanasukumana nje ya udongo ndilo linalochanua vizuri. Usiligawanye mpaka maua yapungue wazi. Baada ya kupanda upya, mwaka mmoja bila ua ni kawaida.

Na amarili?

Amaryllis belladonna, ya Western Cape, si ile "amarili" ya sanduku la Krismasi, ambayo ni Hippeastrum ya Amerika Kusini. Inataka ukuta wa kusini wenye joto na miaka miwili au mitatu ya subira. Huko kwao huchanua hasa baada ya moto wa nyika kupita. Usiwashe moto, jua kavu la kiangazi latosha.

Nigawanye lini?

Kolchikamu kila miaka minne mitano, zafarani kila mitatu hadi mitano, zote Juni au Julai majani yakishakufa. Tupa yaliyolegea au yenye madoa meusi yanayonuka uozo, na usirudishe zafarani kwenye kitanda kilekile. Kuvu wa kuozesha hubaki udongoni. Saiklameni haigawanywi, acha sisimizi wafanye kazi.

Kuna la kuangalia ninaponunua?

Saiklameni na sternbergia za porini zilichimbwa kupita kiasi, ndiyo sababu biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini. Muulize muuzaji kama matunguu yamezalishwa kitaluni. Ukitaka kuyapitisha mipakani, hata kama zawadi kwenye begi, huenda ukahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea.

Nikiyapeleka nyumbani, Limuru au Lushoto, yataota?

Nerine na amarili zinaweza kujaribiwa nyanda za juu, kwa kuwa ni za Afrika na hazidai barafu. Zafarani itaota majani na pengine isichanue, maana joto na baridi vya mwaka mzima havitofautiani vya kutosha kuiambia lini ilale na lini iamke. Anayekuuzia matunguu yake kwa ahadi ya utajiri wa ekari moja, mwombe kwanza akuonyeshe shamba lenye maua.

Kwa ukanda wetu kuna matunguu ambayo saa yao ni mvua yenyewe. Scadoxus multiflorus hutoa duara jekundu la vishada, kubwa kama chungwa au zaidi, mvua zinapoanza, na huota porini Afrika Mashariki. Zephyranthes candida, nyeupe, ya Amerika Kusini, huchanua siku chache baada ya mvua kubwa na hukaa vizuri ukingoni mwa njia. Na Gloriosa superba, mtambaa wenye petali nyekundu na njano zilizopinda kama ndimi za moto, ni wa ukoo mmoja na kolchikamu na ana sumu ileile ya kolchisini. Tunguu lake refu hufanana na kiazi kitamu chembamba, kwa hiyo lisipandwe karibu na bustani ya mboga.